Sahani za Mama Mkwe na Baruti ya Saa Kumi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku kubwa! Nyumba ya kona iko wazi. Yule mwokoaji mzee aliyekaa humo miaka yote amestaafu. Ameondoka asubuhi na lori la mizigo, yeye, kabati lake na kasuku wake. Lori halijafika hata kwenye kilima cha mawe ya taka, mimi nimeshachungulia madirisha yote. Vyumba vitatu! Jiko lenye mlango wake! Baraza! Na vumbi la mgodi halifiki upande ule, labda upepo ugeuke. Kasoro ni moja tu: nguzo ya king'ora imesimama pembeni pake kabisa, karibu iguse paa. Si kitu. Mtu huzoea.

Sisi tuko sita katika vyumba viwili. Mimi na mama watoto tuna chumba kimoja. Binti yetu mkubwa na mama mkwe wangu wana cha pili, pamoja na rafu ya sahani za mama mkwe. Mapacha wanalala jikoni chini ya meza, na asubuhi ukitaka chai sharti uwaruke. Shajara hii naiandikia chooni maana ndipo pekee penye komeo. Hata sasa kuna mtu anagonga.

Leo mama watoto, akikunja magodoro, amesema hajawahi kuniomba dhahabu wala hariri. Angependa tu, kabla hajazeeka, alale usiku mmoja bila kusikia jirani akipiga chafya. Jirani ni fundi pampu, tunamwita Bomba. Ukuta wetu na wake ni mmoja. Bomba akapiga chafya pale pale, tatu mfululizo. Nikamwapia mama watoto kwamba nyumba ya kona ni yetu. Yeye ni muuguzi wa zahanati ya mgodi. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona.

Nyumba zote anazigawa Mama Funguo, msimamizi wa makazi. Ukisikia funguo zikilia kiunoni mwake kama kengele, ujue amefika. Ni mwanamke wa haki. Hapokei hata kikombe cha chai akihisi kina nia. Kwa hiyo itabidi nitumie akili. Akili ninayo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Kwanza nieleze kazi yangu, ili siku wajukuu wakisoma haya wajue babu yao alikuwa nani. Mimi ndiye mtu wa chumba cha taa. Hakuna anayeshuka mgodini bila kupita kwangu. Nampa taa ya kofia iliyoshiba chaji, naye anachukua kipande chake cha shaba chenye namba yake, anakitoa upande wa ubao ulioandikwa JUU na kukitundika upande wa CHINI. Akitoka, anakirudisha. Saa kumi kila alasiri fundi baruti anakuja kutazama ubao. Upande wa CHINI ukiwa mtupu, analipua. Kikibaki kipande kimoja, hata kiwe cha meneja, halipui. King'ora kinalia na kikosi cha uokoaji kinashuka kumtafuta mwenyewe.

Nimeandika mlangoni kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu: KIPANDE KIMOJA KIKISAHAULIWA, MGODI MZIMA UNASIMAMA. Nawakumbusha watu wakienda, nawakumbusha wakirudi. Wameniita Bwana Kipande. Nalipenda jina hilo.

Sasa mpango. Nimesikia kwamba Alhamisi Mama Funguo anapita kuangalia familia zilizobanana. Sisi sita hatutishi. Kwa Bomba wako saba! Nitaazima watoto.

Wakati wa chakula binti amejaribu kuniambia jambo. Yeye ni fundi mitambo huko chini, na tangu mwezi wa pili anafanya mazoezi na kikosi cha uokoaji. Anarudi jioni amelowa jasho chapachapa. Alisema yule mzee aliyestaafu ameacha nafasi kikosini, na Kapteni wao atachagua kati yake na kijana wa Bomba, na kwamba nyumba ya kona, kwa sababu ya king'ora... Nikamwambia mwanangu ngoja kwanza, baba anahesabu watoto. Anapenda kuongea, binti huyu. Amemrithi mama yake.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Balaa.

Niliwapata watoto watano wa mtaa wa nyuma, kwa ahadi ya kuvaa kofia ngumu na kuwasha taa zake. Mama Funguo alipoingia nilikuwa nimewapanga kwa kimo, mapacha katikati ili wafanane na wenzao. Nikavuta pumzi ya huzuni. Nikamwonyesha chini ya meza. Nikamwambia wengine wanalala kwa zamu, kama wachimbaji.

Akamuuliza mmoja anaitwaje mama yake. Mtoto akasema mama yake yuko nyumbani kwao anafua. Nikaingilia haraka, nikasema kukosa usingizi kumemdhoofishia kumbukumbu. Mama Funguo akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu, akatoka kwenda kwa Bomba. Nikabandika sikio ukutani.

Kumbe Bomba naye ana akili! Wale watoto walipotoka kwangu kwa mlango wa nyuma waliingia kwake kwa mlango wa nyuma. Yeye alikuwa amewaahidi kuvuta mpini wa pampu ya akiba. Ningekuwa sijamwachia mmoja wao, yule mwenye pengo la meno, kofia yangu kichwani, pengine lisingejulikana. Mama Funguo akamuuliza yule pengo, sasa wewe ni mtoto wa nani hasa? Mtoto akajibu kwamba inategemea nyumba.

Mama Funguo alicheka mpaka funguo zikacheka naye. Akasema familia zote mbili zitafikiriwa bila wageni wao.

Mimi na Bomba tumegombana kupitia ukutani hadi jua lilipozama. Nimemwita mwizi wa fikra. Ameniita mwizi wa watoto. Halafu akapiga chafya, nikajikuta nimemwambia pole, kwa mazoea.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeamka na wazo safi. Nyumba yenye ufa haifai kukaliwa na watu. Yetu haina ufa. Lakini mkaa upo!

Alfajiri, wengine wakiwa kwenye foleni ya maji, nimechora ufa kuanzia dirishani hadi sakafuni. Niseme ukweli, nilijishangaa. Nimeuwekea vijitawi. Nimeupaka vumbi kingoni. Nilipoutazama kwa mbali nikaogopa kulala humo. Nikaenda kazini nikiimba.

Nimerudi alasiri. Mapacha walikuwa nyumbani toka mchana. Ufa umekuwa mto. Mtoni kuna samaki, na mamba wawili, na mtu mmoja mwenye tumbo kubwa anayezama, na juu yake wameandika BABA. Mama Funguo alishapita. Alikuwa anagawa sabuni. Mama mkwe anasema alisimama pale muda mrefu, akasema familia yenye picha nzuri hivi itaona uchungu sana kuhama.

Nimewauliza mapacha kwa nini baba anazama. Wamesema kwa sababu hasikii anapoambiwa pana mamba.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mgodi umelala. Jumapili hakuna baruti, hakuna vumbi, na nyumba yetu huwa tamu hata ikiwa kama kopo la dagaa. Mama watoto alikuwa anawaogesha mapacha kwenye karai, maji yanaruka hadi kwenye moto. Binti anasugua buti zake za kikosi huku anacheka na bibi yake. Nimekaa mlangoni nikawaza kwamba mimi ni tajiri, ila sina pa kuuweka utajiri wangu.

Kila Jumapili mama mkwe hushusha sahani zake na kuzifuta moja moja. Ni za udongo mweupe, zenye mstari wa buluu ukingoni. Alizileta huku akizipakata juu ya lori la mizigo, njia nzima ya mashimo, na haikuvunjika hata moja. Hakuna aliyewahi kulia chakula ndani yake. Nilimuuliza zamani anazitunza akingojea nini. Akasema anangojea nyumba yenye meza ambayo hakuna mtu anayelala chini yake.

Leo alipozirudisha rafuni, moja ikagusa nyingine, ikalia ting. Na mimi kichwani, ting! Kila siku saa kumi baruti ikilipuka, sahani hizo hulia hivyo hivyo. Sasa zingekuwa ukingoni mwa rafu? Na Mama Funguo awe amekaa chini yake, kikombe mkononi? Angeona kwa macho yake kwamba nyumba hii inatikisika hadi vyombo vinaruka! Sahani hazitavunjika. Nitatandika godoro la mapacha chini, kana kwamba liko pale kwa bahati tu.

Binti akaja kukaa karibu yangu. Akaanza tena. Akasema jaribio la kikosi ni Jumamosi ijayo, na kwamba akishinda, nyumba ya kona... Nikamwambia mwanangu usijisumbue na nyumba, baba ameshaimaliza hiyo kazi. Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama karai. Mama mkwe akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alikuwa anamsema nani. Labda Bomba.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Maandalizi yamekamilika. Nimemwalika Mama Funguo chai kesho, aje kama saa tisa na nusu. Nilitegemea akatae. Akasema vizuri, hata yeye ana neno la kutuambia. Unaona! Tayari ameanza kulainika.

Nimemwendea pia fundi baruti, nikamwomba kwa upole kesho aongeze kidogo. Akaniambia baruti si chumvi. Sawa. Sikusisitiza.

Bomba ameniuliza kupitia ukutani kwa nini naimba. Nimemwambia akaulize mpini wa pampu yake.

Jumanne, tarehe 11 Juni, alasiri

Niko chooni. Mama Funguo yuko chumbani kwa mama mkwe na kikombe chake, chini ya rafu kabisa! Nimeomba udhuru kidogo maana furaha imenizidi.

Niandike nilivyofanya, kwa ajili ya historia. Tatizo lilikuwa zamu yangu, ambayo inakwisha baada ya saa kumi. Lakini mtu wa taa anaruhusiwa kushuka mchana kukusanya taa zilizokufa. Nikamwambia mwenzangu wa chumba cha taa, yule mama mrefu, kwamba nashuka na nitachelewa. Nikatundika kipande changu upande wa CHINI, kama sheria inavyotaka. Nikashuka. Nikala chakula changu. Halafu, badala ya kurudi kwa lifti na kupita mbele ya kila mtu, nikapanda ngazi ya njia ya hewa, ile iliyosahauliwa. Inatokea nyuma ya nyumba zetu, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Kopo la chakula nimeliacha chini, lilikuwa linanibana. Nimetoka ardhini katikati ya mashuka. Hakuna aliyeniona, ila mama mkwe.

Sahani ziko ukingoni. Godoro liko chini. Mama Funguo amejaribu mara mbili kuanza neno lake, nikamwambia ngoja mama, ngoja kidogo, sikiliza nyumba hii.

Saa kumi sasa.

Bado.

Ajabu. Saa kumi imepita. Fundi baruti hajawahi kuchelewa tangu nimjue.

Bado! Kuna mtu amesahau kipande, hakuna jingine. Leo, kati ya siku zote! Nimewaambia mara ngapi? Nimeandika kwa rangi nyekundu! Mtu mzima, mwenye akili timamu, anashindwa kuhamisha kipande cha shaba kutoka msumari mmoja hadi mwingine!

King'ora kinalia. Mpango wangu umeharibika kwa ajili ya mpumbavu mmoja. Nakwenda kumwona kwa macho yangu.

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Sijui nianzie wapi.

Kwetu hapa king'ora kikilia kila kitu kinasimama. Sufuria zinaepuliwa, shule inafungwa, watu wote wanakwenda mdomo wa mgodi na kusimama kimya. Hakuna anayeuliza. Kila mtu anawatafuta wake kwa macho. Mimi wangu niliwaona haraka: mapacha walikuwa wameshikana mikono na mwalimu wao. Binti sikumwona, lakini yeye ni wa kikosi, atakuwa kazini. Nikapenya hadi mbele pamoja na Mama Funguo, maana mambo ya vipande ni fani yangu. Watu walinipisha kwa namna ya ajabu, wananikodolea macho. Nikadhani ni heshima.

Nikawaambia walio karibu kwamba mtu wa namna hii anafaa kuchapwa kwa mkanda wa taa yake mwenyewe. Nikamuuliza fundi baruti ni namba ngapi. Fundi wa lifti ndiye aliyesema, polepole, sabini na tatu. Nikasema haiwezekani, sabini na tatu namfahamu vizuri, ni mtu mwangalifu mno, hajawahi hata siku moja...

Hapo baridi ikanipanda kutoka kwenye visigino.

Nikamwona mama watoto. Alikuwa amesimama kando ya machela na nguo zake nyeupe za kazi, mikono kwenye mpini, anatazama mlango wa lifti. Halii. Anautazama tu ule mlango. Nimeishi naye tangu tukiwa hatuna hata kijiko, na sijawahi kuuona uso ule, na sitaki kuuona tena maishani. Nikainua mkono kama mwanafunzi.

Akageuka. Akakimbia. Akanikumbatia mbavu zikalia. Halafu akaniachia, akaanza kunipiga kwa bunda la bendeji alilokuwa nalo mkononi, na bendeji ikafunguka, na kadiri alivyonipiga ndivyo ilivyonizunguka, mpaka nikawa nimefungwa kama majeruhi kweli. Watu wakaangua kicheko, na wengine walikuwa wanafuta machozi humo humo. Bomba alikuwa analia waziwazi. Ameacha pampu yake, amekuja mbio na buti moja. Akaniambia angebaki agombane na nani. Kisha akapiga chafya.

Lakini binti yangu alikuwa chini, ananitafuta mimi.

Wenzake walikuwa wamekwenda kwenye njia za mbali. Yeye alisimama kidogo, akafikiri, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi ya hewa. Akakuta kopo langu la chakula. Akamulika ngazi, akaona tope bichi la buti kwenye vipago. Akapiga simu ya chini, na Kapteni akayarudia maneno yake kwa sauti ili wote tusikie: namba sabini na tatu hayumo mgodini, amepanda kwa njia ya hewa, mtafuteni nyumbani, atakuwa anakunywa chai. Kapteni akamuuliza amejuaje upesi hivyo, hata kabla wenzake hawajafika njia ya kwanza. Akajibu kwamba anamjua baba yake tangu azaliwe. Penye njia ya mkato, ndipo alipo.

Akapanda na lifti, uso mweusi kwa vumbi, meno tu yanaonekana. Akanikabidhi kopo langu. Halafu akaweka paji la uso begani kwangu, na kofia yake ngumu ikanigonga sikio. Nilitaka kumwambia samahani. Nikamwambia taa yake inawaka vizuri sana.

Wenzake nao walipotoka, fundi baruti, ubao ukiwa mtupu, akafanya kazi yake. Ardhi ikaruka. Sahani! Nikatimua mbio na bendeji zangu zikinifuata.

Nimekuta mama mkwe ameketi kitandani kwake, sahani zote amezipakata. Hakwenda mdomo wa mgodi. Alikuwa ameniona nikitoka kwenye mashuka, akajua anayetafutwa ni mimi tu, na mgodini simo. Kuhusu ukingo wa rafu, alisema asingependa niliyotayarisha yapotee bure, kwa hiyo pale pa sahani aliweka redio yangu. Na godoro alilikunja, maana sakafu ilikuwa inahitaji kufagiwa.

Redio iko vipande vitano. Kimoja bado kinatoa sauti.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimeitwa kwa meneja. Walikuwapo Kapteni, Mama Funguo, fundi baruti na yule mama mrefu wa chumba cha taa. Meneja akanisomesha maandishi yangu mwenyewe ya rangi nyekundu, kwa sauti. Kapteni akasema kinyozi hajinyoi. Yule mama mrefu akacheka hadi akatolewa nje.

Adhabu: Bomba amekata mfuniko wa pipa, ukubwa wa sinia, akauchorea 73 kwa rangi nyeupe na kuutia mnyororo. Ndicho kipande changu kipya. Nikishuka nakitundika ubaoni, nikipanda nakivaa shingoni hadi nyumbani, mwezi mzima. Mlango wa njia ya hewa umetiwa kufuli. Nimekipokea kwa unyenyekevu. Kusema kweli kinang'aa. Hata meneja hana kikubwa hivi.

Kisha Kapteni akasema jaribio la Jumamosi halina haja tena. Jaribio limekwisha, na lilikuwa la kweli. Binti yangu ndiye mwokoaji mpya. Kijana wa Bomba alikuwa wa kwanza kumpa mkono, kwa moyo mweupe, nami nikampenda.

Na hapo Mama Funguo akachomoa ufunguo mmoja kutoka kiunoni na kumpa binti. Nyumba ya kona! Akaeleza kwamba nyumba ile siku zote ni ya mwokoaji, kwa sababu iko chini ya king'ora, na mwokoaji hatakiwi kukikosa hata akiwa usingizini. Hilo ndilo neno alilokuja nalo jana kwenye chai, kutuomba tumtulize binti apumzike kabla ya jaribio, ila kila akianza nilimwambia aisikilize nyumba. Kumbe kila mtu alijua. Mama watoto anasema binti ameniambia mara nne. Mimi sikumbuki. Labda aliniambia wakati ninafikiri.

Nimekaa na jambo hili, nikalipima kwa haki, bila upendeleo. Nisingesahau kipande, king'ora kisingelia. Kisingelia, binti asingepata nafasi ya kuonyesha alivyo hodari. Kwa hiyo nyumba imepatikana kwa mpango wangu, ingawa umezunguka kidogo. Nimemweleza mama watoto. Ameniuliza kama bado kuna bendeji.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Naandika nikiwa barazani! Komeo sina na silihitaji.

Tumehamia Jumatano. Mgodi wote ulikuja kubeba vitu, na kwa kuwa vitu ni vichache wengi walibeba mto mmoja mmoja. Mama mkwe alizipakata sahani njia nzima, hatua kwa hatua, hakumpa mtu. Jioni akazipanga mezani. Tukala ndani yake! Mama watoto aliishika ya kwake kwa mikono miwili kabla hajaanza kula, akatabasamu. Mapacha wana chumba chao sasa. Wamelala humo usiku mmoja, kisha wakarudi chini ya meza wenyewe. Wanasema huko hakuna stori.

Bomba naye amefurahi. Amepewa vyumba vyetu, ametoboa mlango katika ule ukuta, na mto wenye mamba ameuacha kama ulivyo. Mama watoto ana siku tatu hajasikia chafya usiku. Jana amekiri kwamba usingizi unachelewa kuja. Tumemwalika Bomba chakula, akapiga chafya kwenye mchuzi, tukampigia makofi.

Sasa, jambo moja. Nikiwa hapa barazani naiona vizuri nyumba ya mpimaji wa mgodi. Ina baraza mbili. Mbili! Mtu mmoja atakaaje baraza mbili? Nina wazo linalohusu kamba, ndoo na ile njia ya Mama Funguo ya kwenda sokoni. Sitaandika zaidi. Leo nimewahi kutoka kazini ili nipime umbali.

Kipande changu? Kinanichubua shingo, kile. Mchana nilishuka, nikapanda kwa lifti kama mtu mwema, nikafika ubaoni. Nikataka nikipumzishe kidogo upande wa JUU. Msumari wa JUU ni mwembamba, ukapinda. Nikawaza, kikianguka kitamponda mtu vidole. Nikakirudisha kwenye msumari wa CHINI, ambao ni mnene. Usalama kwanza! Hapa hawanithamini, lakini mimi ndiye ninayefikiria mambo kama hayo.

Upepo mzuri. Mama mkwe anafuta sahani. Mama watoto anaimba ndani. Saa kumi imeshapita na sijasikia baruti. Fundi baruti naye anazeeka.

King'ora! Juu ya kichwa changu kabisa! Kalamu imeruka. Mpumbavu gani tena, jamani, baada ya yote niliyowafundisha?

Binti ametoka mbio, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Amefika kwenye ngazi za baraza, akasimama ghafla, akageuka. Ananitazama kifuani. Sijui anatafuta nini.